Usiache Mbachao kwa Msala Upitao: Uaminifu kwa Kivinjari cha Zamani Baada ya Usanifu Mpya Kukatisha Tamaa

Ikisiri

Makala haya yanafafanua kwa nini baadhi ya watumiaji wa intaneti huendelea kutumia toleo la zamani la kivinjari hata baada ya mtengenezaji kutoa toleo jipya na kuwahimiza wahame. Mfano mkuu ni kivinjari cha Opera, ambacho mwaka 2013 kilivuka kutoka toleo la 12 hadi toleo la 15, pamoja na Opera Mini, kivinjari cha simu cha kampuni hiyohiyo. Ufafanuzi unaongozwa na dhana tatu za Albert Hirschman, yaani kuondoka, kusema na uaminifu, na unamtazama mtumiaji wa Msuka, kaskazini mwa kisiwa cha Pemba, anayelipia intaneti kwa megabaiti. Hoja ya makala ni kwamba uaminifu huo si ukaidi wala ushamba, bali ni hesabu ya gharama na utetezi wa kazi ya mtu. Hata hivyo, kwa kuwa programu huzeeshwa na mambo yaliyo nje yake, uaminifu unaofaa ni ule unaoshikamana na kazi ya chombo na si namba ya toleo.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka uliochakaa. Msala ni mkeka wa kusalia. Methali hii humwonya mtu anayevutwa na kipya cha kupita akatupa kikuukuu kinachomfaa kila siku. Katika maisha ya kawaida, mwenye mbacha ndiye anayeamua ni lini autupe. Katika ulimwengu wa programu za kompyuta mambo ni tofauti. Aliyeufuma mkeka anaweza kuja usiku akautandua, akatandika mwingine mahali pake, na asubuhi mwenye nyumba akatarajiwa kushukuru. Wapo wanaoshukuru. Wapo pia wanaoufunga mlango mapema ili mbacha wao usiguswe. Kundi hili la pili ndilo linalochunguzwa hapa.

Msuka imo katika Wilaya ya Micheweni, Mkoa wa Kaskazini Pemba, katika njia ya kuelekea Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini ya kisiwa. Uvuvi na kilimo ndivyo vinavyobeba maisha ya wakaazi wengi. Umeme wa gridi kutoka Tanzania Bara ulifika Pemba mwaka 2010, baada ya waya kupitishwa chini ya bahari kutoka Tanga. Kabla ya hapo kisiwa kilitegemea majenereta ya dizeli. Katika mazingira kama haya, intaneti iliingia majumbani zaidi kwa njia ya simu ya mkononi kuliko kompyuta ya mezani, na ililipiwa kidogokidogo kwa vocha na bando. Kwa mtumiaji wa aina hii, swali la kwanza kuhusu toleo jipya la programu haliwi lina sura gani, bali ni litakula bando kiasi gani, na je, simu yangu italiweza.

Makala yanajibu maswali matatu. Kwanza, ni kitu gani hasa hupotea pale kivinjari kinaposanifiwa upya? Pili, anayebaki na toleo la zamani anabaki kwa sababu gani? Tatu, uaminifu huo una mpaka gani?

2.0 Kivinjari na Mazoea ya Mkono

Kivinjari ni programu inayoomba ukurasa kutoka kwenye seva, inayosoma msimbo wake, kisha inayouchora kwenye kioo. Kwa ufafanuzi wetu, inatosha kukigawa katika sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni injini, inayofanya kazi ya kusoma na kuchora. Sehemu ya pili ni kiolesura, yaani sura inayoonekana: vitufe, vichupo, alamisho, menyu na njia za mkato za kibodi.

Mgawanyo huu ni muhimu kwa sababu mtengenezaji na mtumiaji hawatazami sehemu moja. Mtengenezaji hupima injini: kasi yake, usalama wake na uwezo wake wa kufungua tovuti mpya. Mtumiaji huishi na kiolesura. Baada ya miaka kadhaa, mkono wake huenda penye kitufe bila kufikiri, kama mpishi anavyofikia kopo la chumvi jikoni mwake gizani. Ujuzi huo haukununuliwa. Umejengwa kwa muda wa mtumiaji mwenyewe. Kiolesura kinapobadilishwa kwa ghafla, ujuzi huo hufutwa bila fidia. Ndiyo maana malalamiko kuhusu usanifu mpya huwa makali kuliko anavyotarajia mtengenezaji: yeye anaona ameongeza kitu, mtumiaji anaona amenyang'anywa kitu.

3.0 Kutoka Opera 12 hadi Opera 15

Opera ilianza mwaka 1994 kama mradi wa utafiti ndani ya Telenor, kampuni ya simu ya Norwei. Mwaka uliofuata, Jon Stephenson von Tetzchner na Geir Ivarsøy walianzisha kampuni yao wenyewe ili kuuendeleza. Kivinjari chao kilisifika kwa kukusanya mambo mengi ndani ya programu moja: sehemu ya barua pepe, alamisho zilizopangwa kwa mafungu, uhuru wa kupanga upya vitufe na njia za mkato, na uwezo wa kuzima picha zote au kuonyesha zile tu zilizokwisha kupakuliwa. Uwezo huo wa mwisho unaweza kuonekana mdogo kwa mtu mwenye intaneti isiyo na kikomo. Kwa anayelipia kila megabaiti, ni sawa na bomba lenye koki.

Tangu mwaka 2003 Opera ilitumia injini iliyoandikwa na kampuni yenyewe, iliyoitwa Presto. Februari 2013, kampuni ilitangaza kwamba bidhaa zake zilikuwa na watumiaji milioni 300, na katika tangazo hilohilo ikaeleza kwamba ingeiacha Presto na kuhamia WebKit. Muda mfupi baadaye Google ilijitenga na WebKit kwa kuunda injini ya Blink, na Opera ikaifuata huko.

Uamuzi huo haukuwa wa kipuuzi. Waandishi wengi wa tovuti walikuwa wakizijaribu kazi zao katika vivinjari vyenye watumiaji wengi tu. Matokeo yake, ukurasa ungeweza kukataa kufunguka vizuri katika Opera hata pale Opera ilipofuata viwango vilivyokubaliwa. Kampuni ndogo ilitumia nguvu nyingi kukimbizana na makosa yaliyofanywa na wengine. Kwa hiyo methali ya mgema akisifiwa tembo hulitia maji, ambayo ni rahisi kuielekeza kwa kila mtengenezaji anayebadilisha kitu kilichopendwa, haielezi kisa hiki vya kutosha. Hapa mgema alibadilisha mnazi kwa sababu wa kwanza ulikuwa umemshinda kuupanda.

Tatizo lilikuwa katika namna ya kuhama. Opera 15, iliyotolewa Julai 2013, ilileta injini mpya ndani ya nyumba iliyokuwa karibu tupu. Alamisho kwa namna iliyozoeleka hazikuwamo. Sehemu ya barua pepe ilitolewa ikawa programu ya peke yake. Uhuru wa kupanga vitufe na njia za mkato ulipunguzwa sana. Kampuni iliahidi kuvirudisha baadhi ya vitu kidogokidogo, na kweli alamisho kamili zilirudi mwaka 2014. Lakini mtumiaji mwenye mamia ya alamisho alitakiwa ahame leo kwa ahadi ya kesho. Wengi walikataa, wakabaki na toleo la 12. Toleo hilo liliendelea kupata marekebisho machache ya usalama, na la mwisho, yaani 12.18, lilitolewa Februari 2016.

4.0 Kuondoka, Kusema na Uaminifu

Mwaka 1970 mwanauchumi Albert Hirschman alichapisha kitabu kilichoeleza mambo ambayo mteja au mwanachama anaweza kuyafanya pale ubora wa kitu unaposhuka. Anaweza kuondoka, yaani kwenda kwa mwingine. Anaweza kusema, yaani kulalamika ili kitu kirekebishwe. Kati ya mawili hayo upo uaminifu, ambao humchelewesha mtu kuondoka na hivyo kuipa sauti yake muda wa kusikika. Kwa Hirschman, uaminifu una faida kwa pande zote mbili: mtengenezaji hapotezi wateja wake wote siku moja, na mteja ana sababu ya kuendelea kusema.

Kisa cha Opera kinazithibitisha dhana hizi. Waliondoka waliokwenda kwa vivinjari vingine. Waliosema walisikilizwa kwa sehemu, na kurudi kwa alamisho ni ushahidi. Hata hivyo, aliyebaki na Opera 12 hakai vizuri katika fungu lolote kati ya hayo. Amebaki na bidhaa lakini amemwacha mtengenezaji. Hapakui tena, hajibu mwaliko wa kusasisha, na kadiri miaka inavyopita hata kusema hasemi. Uaminifu wake ni kwa kile alichopewa, wala si kwa aliyempa. Hali hii ni ngeni katika bidhaa nyingi, lakini inawezekana katika programu kwa sababu nakala ya zamani haioozi dukani. Ikishawekwa katika kompyuta hukaa.

Je, waaminifu hawa walikuwa wakiililia injini ya Presto au kiolesura kilichoijenga Opera? Jibu lilitolewa na von Tetzchner mwenyewe. Aliiacha Opera mwaka 2011, na Januari 2015 akatoa toleo la majaribio la kivinjari kipya, Vivaldi, kilichokusudiwa watu wa aina hiyo. Toleo la 1.0 lilifuata Aprili 2016. Vivaldi inatumia Blink, injini ileile iliyoko ndani ya Opera mpya. Ilichorudisha ni upangaji huru wa vichupo, vitufe na njia za mkato, na mwaka 2022 ikaongeza sehemu ya barua pepe iliyokamilika. Waliokihamia kivinjari hiki kutoka Opera 12 walionyesha kwamba injini ilikuwa inabadilishika. Walichokuwa wakikilinda ni utaratibu wa kazi yao.

Opera haikuwa peke yake. Firefox ilibadilishiwa sura mwaka 2014 katika toleo la 29, na Novemba 2017, katika toleo la 57, iliacha kukubali viendelezi vya mfumo wa zamani. Baadhi ya waliokerwa walihamia Pale Moon, kivinjari kilichochipuka kutoka katika msimbo wa Firefox mwaka 2009 na kuendelea kuhifadhi sura na viendelezi vya kale. Tofauti ya Pale Moon na Opera 12 itaelezwa katika sehemu ya saba.

5.0 Hoja ya Bando: Opera Mini

Kwa mtumiaji wa Msuka, jina la Opera halikumjia kwanza kupitia kompyuta. Lilimjia kupitia Opera Mini, iliyotolewa duniani kote Januari 2006 kwa ajili ya simu za vitufe zenye uwezo wa kuendesha programu za Java. Utendaji wake ni tofauti na wa kivinjari cha kawaida. Simu haiuombi ukurasa moja kwa moja kutoka kwenye tovuti. Huomba kwa seva ya Opera. Seva huuchukua ukurasa, huusoma, huufinya, kisha hutuma kwa simu umbo dogo lililo tayari kuonyeshwa. Kampuni ilidai kwamba ufinyaji huo ungeweza kupunguza data kwa hadi asilimia 90.

Tuchukue hesabu ya mfano. Mtu ana bando la megabaiti 100, na kila ukurasa anaoutaka una megabaiti 2. Bila ufinyaji atafungua kurasa 50. Kila ukurasa ukipunguzwa hadi sehemu moja ya kumi, atafungua kurasa 500. Kwa mwanafunzi, hiyo ni tofauti kati ya bando la siku moja na bando la zaidi ya wiki. Mtu aliyekwisha kuifanya hesabu hii hawezi kuitwa mshamba kwa kukataa kivinjari kizuri zaidi kinachomaliza salio lake kabla ya adhuhuri.

Katika Opera Mini pia kulikuwa na usanifu mpya. Toleo la 5, lililokamilika mwaka 2010, lilileta vichupo na sura nyororo, lakini lilihitaji simu yenye nguvu zaidi. Hapa kampuni ilifanya jambo ambalo haikulifanya katika kompyuta. Iliendeleza mfululizo wa toleo la 4 sambamba na matoleo mapya, ikatoa 4.3 na 4.4 kwa ajili ya simu dhaifu. Mwenye simu ndogo hakulazimika kuchagua kati ya kubaki nyuma na kununua simu nyingine. Msala mpya ulitandikwa, na mbacha ukaendelea kushonwa.

Ufinyaji una bei yake pia, na ufafanuzi usioitaja ungekuwa nusu. Kwa kuwa seva ya katikati ndiyo inayousoma ukurasa, mawasiliano hufungwa kwa usimbaji fiche kati ya simu na seva, kisha kati ya seva na tovuti; hayafungwi mwanzo hadi mwisho. Mtumiaji hana budi kumwamini aliye katikati. Aidha, msimbo wa JavaScript huendeshwa kwenye seva kwa muda mfupi tu. Kusoma habari hakuathiriki sana, lakini fomu zenye hatua nyingi hukwama. Jambo hili lilianza kuwa na uzito mkubwa pale huduma muhimu zilipohamia kwenye wavuti. Kwa mfano, mwaka 2010 Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ilianza kupokea maombi ya udahili kupitia mfumo wa pamoja wa mtandaoni. Kwa muombaji aliyeko Msuka, kivinjari kisichoweza kumaliza fomu kina maana ya nauli ya kwenda mjini kutafuta kompyuta. Akichelewa, kinaweza kuwa na maana ya mwaka mzima.

6.0 Programu Huzeekaje?

Mbuzi ya nazi haizeeki kwa sababu nazi zimebadilika. Kinachozeeka ni meno yake, nayo hunolewa. Programu ni kinyume chake. Msimbo wa Opera 12 leo ni uleule wa mwaka 2016. Hakuna herufi iliyochakaa. Kilichobadilika ni kila kitu kinachouzunguka. Mabadiliko hayo ni ya aina tatu.

Kwanza, lugha ya tovuti inakua. Waandishi hutumia amri mpya ambazo injini ya zamani haizijui, hivyo ukurasa hufunguka nusu au hubaki mweupe.

Pili, itifaki za usalama hubadilishwa. TLS 1.0 ni ya mwaka 1999, TLS 1.2 ni ya mwaka 2008 na TLS 1.3 ni ya mwaka 2018. Vivinjari vikubwa viliacha kukubali matoleo mawili ya mwanzo, yaani 1.0 na 1.1, mwaka 2020, na seva nyingi zikafanya hivyohivyo. Kivinjari kisichojua itifaki inayodaiwa hugonga mlango bila kufunguliwa.

Tatu, vyeti huisha muda. Kila kivinjari au mfumo endeshi hubeba orodha ya vyeti vya mizizi inavyoviamini. Tarehe 30 Septemba 2021, cheti kimoja cha mizizi kilichotegemewa na tovuti nyingi zinazotumia huduma ya Let's Encrypt kilifikia mwisho wake. Programu na vifaa vilivyokuwa havijasasishwa vikaanza kuzikataa tovuti ambazo jana yake zilifunguka. Tovuti hazikuharibika, wala vifaa havikuharibika. Makubaliano kati yao ndiyo yaliyofika tamati.

Zaidi ya hayo, dosari za usalama zinazogunduliwa baada ya toleo la mwisho hazizibwi. Anayesoma habari tu ana hatari ndogo kuliko anayeingiza nywila ya benki au ya barua pepe yake, lakini hakuna aliye salama kabisa. Hapa ndipo methali ya mbacha inapofikia mpaka wake: mbacha wa kweli hauwezi kumfungulia mwizi mlango.

7.0 Dau na Kalafati

Mwenye dau la mbao hungojea maji yapwe, akalivuta juu, akaziba nyufa kwa kalafati. Hahitaji ruhusa ya fundi aliyelichonga, ambaye pengine alikwisha kufariki. Uaminifu wake kwa dau la zamani una maana kwa sababu ana uwezo wa kulitengeneza, au kumpata wa kumtengenezea.

Msimbo wa Opera 12 ulikuwa mali iliyofungwa. Mtengenezaji alipoacha kuziba nyufa, hakuna mtumiaji aliyekuwa na haki ya kuziziba. Msimbo wa Firefox, kwa upande wake, uko wazi, na ndiyo sababu Pale Moon iliweza kuwepo: watu wengine waliuchukua, wakaendelea kutia kalafati kwa mikono yao. Kazi hiyo ni nzito na kikundi kidogo hakiwezi kwenda mwendo mmoja na kampuni kubwa, lakini mlango haukufungwa. Kwa hiyo, swali la nani ana haki ya kutengeneza ndilo linaloamua kama uaminifu kwa toleo la zamani ni mpango wa kudumu au ni kusubiri tu dau lizame.

8.0 Hitimisho

Ufafanuzi huu umeonyesha kwamba anayeshikilia kivinjari cha zamani huwa analinda mambo matatu: ujuzi wa mkono wake, mpangilio wa kazi yake na mfuko wake. Yote matatu ni halali. Umeonyesha pia kwamba toleo lisilosasishwa hudhoofika hata kama halijaguswa, na kwamba madhara yake humfikia mtumiaji kupitia fomu iliyokataa kufunguka au nywila iliyoibiwa.

Kutokana na hayo, mtumiaji anashauriwa kuorodhesha kazi anazozifanya kwa kivinjari chake cha zamani, kisha kutafuta kivinjari kinachosasishwa kinachozifanya kazi hizo: kuzima picha, kufinya data, kupanga vichupo, kufuata njia za mkato alizozizoea. Ikiwa bado hajakipata, atenganishe matumizi: cha zamani kwa kusoma, kinachosasishwa kwa mambo ya fedha, maombi na siri. Mtengenezaji, kwa upande wake, ana mfano mzuri wa kuufuata katika mfululizo wa nne wa Opera Mini: kipya kisiondoe cha zamani kabla hakijaweza kubeba mizigo yake.

Wajibu mkubwa zaidi uko kwa taasisi za umma na vyuo, zikiwemo za Zanzibar, zinazoweka huduma zao kwenye wavuti. Ukurasa wa maombi unaweza kuandikwa kwa wepesi, usidai megabaiti nyingi wala simu ya mwaka huu, na bado ukawa salama. Taasisi inapouandika ukurasa mzito, haimsukumi mtumiaji wa Msuka kwenye maendeleo. Inamtoza gharama ya kivinjari kipya, simu mpya na bando kubwa kabla hajaandika jina lake kwenye fomu.